Je, korona ilivuruga ushirikiano wa mataifa kuhusu tabianchi?

Swali: "Nafundisha jiografia kidato cha tatu na cha nne hapa Tanga. Kila nikifika kwenye mada ya mabadiliko ya tabianchi, wanafunzi huikumbuka korona. Wengine husema ilisaidia, maana viwanda vilifungwa na anga likawa safi. Wengine husema ilikwamisha mikutano ya dunia. Ukweli uko wapi? Na likija janga jingine, mambo yatakuwa yale yale?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa vitu viwili vilivyoonekana kwa macho, anga na mikutano, na vyote viwili vilirudi katika hali yake upesi. Kilichoumia kwa muda mrefu ni fedha, na pamoja na fedha, imani ya nchi maskini kwa nchi tajiri. Nianze na anga kwa sababu halihitaji maneno mengi.

Mapema Aprili 2020, nchi nyingi zikiwa zimefunga mipaka na watu wamezuiwa kutoka nje, hewa ukaa iliyotolewa kwa siku ilipungua kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na wastani wa mwaka 2019. Ukihesabu mwaka mzima wa 2020, upungufu ulikuwa asilimia 5 na kidogo. Mwaka 2021 shughuli zikarudi na karibu upungufu wote ukafutika. Na hata wakati miji imetulia, hewa ukaa iliyokwisha kujikusanya angani iliendelea kuongezeka: kituo cha Mauna Loa huko Hawaii kilipima zaidi ya sehemu 417 kwa milioni mwezi Mei 2020, kiwango kikubwa kuliko cha mwezi wowote uliotangulia tangu vipimo vianze pale mwaka 1958.

Wape wanafunzi hesabu moja zaidi. Mwishoni mwa 2019 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba, ili joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5, utoaji wa gesijoto unapaswa kupungua asilimia 7.6 kila mwaka kwa muda wa miaka kumi. Dunia ilisimamisha ndege, ikafunga shule na masoko, watu wakapoteza ajira, na bado haikufikia kiwango cha mwaka mmoja. Mitambo ya umeme ya makaa ya mawe iliendelea kuwaka, saruji iliendelea kutengenezwa. Anayesema korona ilikuwa dawa ya tabianchi hajazitazama namba hizo.

Sasa mikutano. Mkutano wa 26 wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi, COP26, ulipangwa kufanyika Glasgow, Uskoti, Novemba 2020. Tarehe 1 Aprili 2020 uliahirishwa, na baadaye ukapangiwa Novemba 2021. Ukumbi wenyewe, kando ya mto Clyde, uligeuzwa kuwa hospitali ya muda ya korona. Vikao vya katikati ya mwaka vinavyofanyika Bonn, Ujerumani, navyo vikaahirishwa. Ndugu yake, mkutano wa bioanuwai uliokuwa ufanyike Kunming, China, ulisogezwa tena na tena hadi ukamalizikia Montreal, Canada, Desemba 2022.

Mwaka mmoja wa kuchelewa si msiba kwa mazungumzo ambayo mkutano wake wa kwanza ulifanyika Berlin mwaka 1995. Tatizo ni kwamba 2020 haukuwa mwaka wowote tu. Mkataba wa Paris ulizitaka nchi zilete ahadi mpya au zilizoboreshwa mwaka huo. Ndio pia uliokuwa mwaka wa kutimizwa kwa ahadi kubwa ya fedha, nitakayoifikia. Na kanuni za soko la kaboni, yaani nchi kuuziana upunguzaji wa gesijoto, zilikuwa bado hazijakamilika baada ya mkutano wa Madrid kushindwa kuafikiana Desemba 2019. Janga lilianguka juu ya ratiba iliyojaa pomoni.

Hadi tarehe 31 Desemba 2020, nchi 75 tu ndizo zilizokuwa zimewasilisha ahadi zao, na kwa pamoja zilibeba takriban asilimia 30 ya gesijoto ya dunia. Hapa ningependa wanafunzi wako waone jambo moja. Rwanda iliwasilisha ahadi yake Mei 2020, janga likiwa limepamba moto, ikawa ya kwanza Afrika. Kenya ikafuata Desemba mwaka huo huo, ikipandisha lengo lake kutoka asilimia 30 hadi 32 ya upungufu ifikapo 2030. Tanzania ilileta ya kwetu Julai 2021. Kwa hiyo korona ilikuwa kikwazo cha kweli kwa wengi, na kwa wengine ilikuwa kisingizio. Ukitaka kuwatofautisha, tazama nani alikuwa na wataalamu wengi na fedha nyingi lakini akachelewa.

Mwaka huo huo wa 2020, mikutano ikiwa imekufa, zilitoka ahadi kubwa ambazo watu wa fani hii hawakuzitarajia. Tarehe 22 Septemba, Rais Xi Jinping aliliambia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa video, kwamba China itasawazisha hewa ukaa yake, yaani kutotoa zaidi ya inayoondolewa angani, kabla ya mwaka 2060. Mwezi uliofuata Japani na Korea Kusini zikataja mwaka 2050. Desemba, Umoja wa Ulaya ukapandisha lengo lake la 2030 kufikia angalau asilimia 55 chini ya kiwango cha 1990. Yote haya bila wajumbe kukaa ukumbi mmoja.

Nadhani hapo ndipo lilipo somo la janga lile. Ahadi haihitaji chumba. Mapatano ndiyo yanayohitaji. Atakayekuwa amewahi kukaa kwenye kamati ya harusi analijua hili: kwenye kundi la WhatsApp watu huandika ahadi zao kwa mbwembwe, lakini siku ya kugawana nani alipe ukumbi na nani alipe chakula, mwenyekiti huitisha kikao cha ana kwa ana. China ilitangaza lengo lake yenyewe, kwa hesabu zake yenyewe, haikuhitaji mtu wa kuliidhinisha. Kanuni za soko la kaboni, au nani atalipa hasara za kimbunga, haziwezi kutangazwa na nchi moja.

Kwa nini mtandao ulishindwa kwenye mapatano? Wengi hudhani ni intaneti mbovu tu. Intaneti ilikuwa sehemu, ila shina la tatizo ni la kikanuni. Mazungumzo haya hayana kura. Kanuni ya 42 ya taratibu zake, ile inayohusu upigaji kura, haijawahi kupitishwa, kwa hiyo kila uamuzi hupita kwa maafikiano: mwenyekiti anatazama ukumbi, asipoona nchi iliyoinua kibao chake kupinga, anagonga nyundo. Hamishia utaratibu huo kwenye skrini. Mjumbe wa Burundi akikatikiwa na mtandao dakika ile nyundo inapogongwa, amekubali au hakuwepo? Hakuna aliyekuwa na jibu ambalo karibu nchi 200 zingelikubali. Na nchi yenye nia ya kukwamisha ingeweza kudai mtandao ulikatika hata kama haukukatika.

Ndiyo maana vikao vya Bonn viliporudi kwa njia ya mtandao, kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni 2021, ilikubalika mapema kwamba hapatapitishwa uamuzi wowote rasmi. Watu walijadiliana kwa takriban wiki tatu. Saa za vikao zilizungushwa ili usiku wa manane usiwe wa bara moja siku zote. Leo wa Pasifiki wanakesha, kesho wa Amerika. Kilichobaki mwishoni ni maandishi ya wenyeviti, ya kusaidia kumbukumbu, yasiyomfunga mtu.

Kuna na suala la lugha, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Vikao vikubwa hutafsiriwa kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa. Vikundi vidogo, mahali ambapo aya hukatwa na kushonwa upya, huendeshwa kwa Kiingereza peke yake. Mjumbe kutoka Kinshasa au Bujumbura aliyesomea Kifaransa, akiwa ukumbini humnong'oneza jirani yake, hutoka korido kumtafuta mwenzake wa Kundi la Afrika, huuliza neno lile limewekwa kwa makusudi gani, hurudi na msimamo. Kwenye skrini hana jirani wala korido. Nchi kubwa iliyoleta wanasheria kumi na wawili haihisi pengo hilo. Nchi yenye wajumbe watatu, wanaofuatilia vikao vinane kwa wakati mmoja, inategemea korido kuliko kitu kingine chochote.

Tuwe waadilifu: si kila kitu kilishindikana mtandaoni. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, liliidhinisha ripoti yake kubwa ya sayansi kwa njia ya mtandao, kuanzia mwisho wa Julai hadi mapema Agosti 2021, serikali zikiupitia muhtasari wake mstari kwa mstari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jopo hilo kuidhinisha ripoti hivyo. Iliwezekana kwa sababu rasimu ilikwisha kuandikwa na wanasayansi, na ubishi ulikuwa juu ya usahihi wa maneno. Mahali pa kubishania fedha, mambo yalikuwa mengine.

Glasgow ilipofika, Novemba 2021, ugonjwa ulikuwa bado upo, na hapo ndipo imani ilipoanza kuonekana imechanika. Kuingia ukumbini kulidai kipimo cha korona kila siku. Uingereza ilikuwa na orodha nyekundu ya nchi ambazo wasafiri wake walilazimika kukaa karantini hotelini. Kenya ilitolewa kwenye orodha hiyo Septemba 2021 na Tanzania Oktoba, wiki chache tu kabla ya mkutano. Wenyeji waliahidi chanjo kwa wajumbe ambao nchi zao hazikuwa nazo, na kuwalipia hoteli za karantini waliohitaji. Wasiwasi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mnamo Septemba muungano wa mashirika ya kiraia ya tabianchi, Climate Action Network, uliomba mkutano usogezwe tena. Visiwa vingi vya Pasifiki, ambavyo vilikuwa vimefunga mipaka yao kabisa, vilituma wajumbe wachache mno, na viongozi wao wengi hawakufika. Waziri wa Mambo ya Nje wa Tuvalu, Simon Kofe, alituma hotuba ya video akiwa amevaa suti na tai, amesimama baharini, maji yamefika mapajani. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Ila picha haiwezi kupinga aya ya 30 saa nane za usiku.

Fikiria hali ya mjumbe wa Kiafrika aliyefika. Mwishoni mwa Oktoba 2021 takriban asilimia 6 tu ya watu wa bara lake walikuwa wamekamilisha chanjo, wakati nchi tajiri zilikuwa zimeanza kutoa dozi ya nyongeza. Anaingia ukumbini, anaambiwa na nchi zile zile: tuaminiane, tupeni ahadi kubwa zaidi, fedha zitakuja. Ningekuwa mimi, ningeziuliza kwanza kuhusu chanjo. Na siku chache baada ya Glasgow kufungwa, wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitangazia dunia aina mpya ya kirusi, Omikroni. Zawadi yao ilikuwa ndege za nchi za kusini mwa Afrika kupigwa marufuku karibu papo hapo.

Hilo linaugusa Mkataba wa Paris moja kwa moja. Mkataba ule hauna polisi wala faini. Unasimama juu ya nchi kusema kweli kuhusu gesijoto zake, kwa ripoti zinazoweza kukaguliwa na wengine. Nchi ikijifunza kwamba anayesema kweli ndiye anayeadhibiwa, msingi wa mkataba unalegea. Sisi wenyewe hatuna pa kujificha hapa: Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa wa korona Mei 2020, ikarudi kuzitoa mwaka uliofuata baada ya Rais Samia kuingia madarakani. Mwanafunzi akikuuliza mfano wa nchi iliyonyamaza, huna haja ya kwenda mbali.

Sasa fedha. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kukusanya dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 kuzisaidia nchi zinazoendelea katika tabianchi. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, mwaka 2020 zilifika bilioni 83.3. Lengo lilifikiwa mwaka 2022, kwa bilioni 115.9, miaka miwili nyuma ya ahadi. Je, korona ndiyo iliyosababisha? Sikubali. Mwaka 2019, kabla ya ugonjwa, fedha zilikuwa bilioni 80 na kidogo; treni ilikuwa imeshachelewa kabla ya kufika stesheni. Korona iliwapa waliochelewa maneno ya kusema.

Kilichokera zaidi ni kwamba, wakati bilioni 17 zilizopungua zilikuwa hazionekani, matrilioni yalionekana. Umoja wa Ulaya uliunda mfuko wa kufufua uchumi wake wa euro bilioni 750, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye nishati safi na majengo ya Ulaya. Mia Mottley, Waziri Mkuu wa Barbados, aliwaambia viongozi Glasgow kwamba benki kuu za nchi tajiri zilikuwa zimemwaga dola trilioni 25 katika miaka 13, na trilioni 9 kati ya hizo ni za miezi 18 ya janga. Uingereza, mwenyeji wa mkutano, ilipunguza msaada wake kwa nje kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka huo huo wa 2021. Fungu lake la tabianchi lililotangazwa, pauni bilioni 11.6 kwa miaka mitano, halikuguswa kwenye karatasi, na hilo lisemwe. Lakini huwezi kukata bajeti ya afya na maji ya kijiji kisha ukasema umelinda uwezo wake wa kuhimili ukame.

Upande wetu, madeni yalipanda. Zambia ilishindwa kulipa riba ya dhamana zake Novemba 2020, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufikia hapo wakati wa korona. Kundi la G20 lilikubali kusimamisha malipo ya madeni kwa nchi maskini hadi mwisho wa 2021. Nchi 48 kati ya 73 zilizostahili zilitumia nafasi hiyo. Kusimamisha, si kufuta. Na wakopeshaji binafsi, wale wa dhamana za masokoni, hawakujiunga. Serikali inayohesabu riba ya mwezi ujao haiwezi kukaa ikapanga ukuta wa bahari wa miaka thelathini.

Lakini janga lile lile lilifungua mlango ambao haukuwepo, na huu ndio upande ambao magazeti yetu huupita haraka. Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liligawa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa wanachama wake, kwa kutumia ile sarafu yake ya kihasibu inayojulikana kwa herufi SDR. Mgao ulifuata ukubwa wa hisa, kwa hiyo Afrika nzima ilipata takriban bilioni 33, na nchi tajiri zikapata kiasi kikubwa zisichokuwa na shida nacho. Ndipo likaibuka wazo: zile ambazo tajiri hazihitaji zikopeshwe upya kwa maskini. Mwaka 2022 IMF ikaanzisha dirisha jipya la mikopo ya muda mrefu, lililolenga tabianchi na maandalizi dhidi ya magonjwa ya mlipuko, kwa pamoja. Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kupata, Desemba 2022, takriban dola milioni 319. Kenya ikafuata Julai 2023 kwa takriban milioni 551. Tanzania iliidhinishiwa Juni 2024, takriban milioni 786. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia Januari 2025.

Fuatilia mnyororo huo na wanafunzi ubaoni: ugonjwa, akiba ya dharura ya dunia, kisha mkopo wa tabianchi Dodoma. Bila korona, sioni jinsi dirisha lile lingefunguliwa miaka ile. Ila usiwafiche upande wa pili. Ni mikopo. Muda wake ni miaka 20, na miaka kumi na nusu ya mwanzo hulipi mtaji. Ni masharti nafuu kweli, lakini deni ni deni, na linabebwa na bara linalotoa sehemu ndogo sana ya gesijoto ya dunia. Anayedai haki ya tabianchi alikuwa anadai ruzuku.

Kuna mfano ulio karibu zaidi nao. Septemba 2021 IMF iliidhinishia Tanzania mkopo wa dharura wa korona wa dola milioni 567, zile shilingi trilioni 1.3 ambazo mtaani ziliitwa fedha za UVIKO. Ndizo zilizojenga madarasa 15,000 nchini kwa miezi michache; huenda mojawapo liko shuleni kwako. Sasa linganisha na mradi wa Simiyu, wa kuleta maji ya Ziwa Victoria na kuwawezesha wakulima kuhimili ukame, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017. Ilichukua miaka kabla ya wananchi kuona mabomba yakichimbiwa. Sababu za kuchelewa kwa mradi mkubwa wa maji ni nyingi, na si haki kumbebesha mfuko peke yake. Hata hivyo tofauti ya mwendo inatosha kuulizia. Korona iliwatisha wakopeshaji wote na wakopaji wote kwa wakati mmoja. Ukame wa Simiyu unaitisha Simiyu.

Nitaje upesi jambo moja la usafiri wa anga, kwa kuwa linaonyesha jinsi janga linavyoweza kutumika kubadili kanuni bila kelele. Shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, lilikuwa na mpango wa kuyataka mashirika ya ndege yalipie ongezeko la hewa ukaa juu ya kiwango cha msingi, ambacho kingekuwa wastani wa miaka 2019 na 2020. Ndege zilipokaa chini mwaka 2020, wastani ule ungeshuka na bili ya mbeleni ingepanda. Mwisho wa Juni 2020 baraza la ICAO liliamua kutumia mwaka 2019 pekee kwa awamu ya majaribio. Matokeo yake, miaka yote mitatu ya awamu hiyo, 2021 hadi 2023, hapakuwa na kitu cha kulipia. Mashirika ya ndege yalikuwa taabani kweli, ya kwetu Afrika Mashariki yakiwemo, na hoja ya kuyahurumia ilikuwa na uzito. Lakini huruma ile ilipitishwa na baraza dogo la Montreal wakati macho ya dunia yako kwenye hospitali, na ingeweza kuwekewa masharti.

Umeniuliza likija janga jingine itakuwaje. Kwa upande wa mikutano, sina hofu kubwa. Watu wamezoea kazi ya mtandaoni kwa maandalizi, na kila mtu sasa anajua mpaka wake uko wapi. Kanuni ya kura bado haijapitishwa, kwa hiyo mapatano yatasubiri ukumbi. Zaidi ya hapo, Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, ambao umebeba ugomvi ule ule wa tabianchi: nani anatoa taarifa mapema, nani anapata chanjo, nani analipa. Mkataba huu na ule wa Paris inasimama au inayumba pamoja. Si bahati mbaya kwamba Marekani ilitangaza kujitoa kwenye Shirika la Afya Duniani na kwenye Mkataba wa Paris siku moja, tarehe 20 Januari 2025.

Hofu yangu iko kwenye kuhimili, yaani fedha za mabwawa, mbegu zinazostahimili ukame, mikoko na tahadhari za mafuriko. Nishati ya jua huvutia wawekezaji, hata janga likija watarudi wakifuata faida. Bwawa la kijiji halina faida ya kumrudishia mtu, linategemea ruzuku, na ruzuku hutoka kwenye bajeti za misaada ambazo ndizo za kwanza kukatwa serikali za kaskazini zikibanwa. Glasgow iliwataka matajiri waongeze maradufu fedha za kuhimili ifikapo 2025, kutoka kiwango cha 2019. Mkutano wa Baku, Novemba 2024, ukataja lengo jipya la jumla la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Halafu Februari 2025 Uingereza ikatangaza kwamba msaada wake utashuka tena, kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, safari hii ili kugharamia ulinzi. Hapakuwa na kirusi chochote.